Tumuenzi Julian Tudor Hart (1927–2018): daktari aliyewahesabu wasiokuja kliniki

#1 · MwanaRejista

Wakuu, habari za humu.

Uzi huu ni wa kumuenzi Dkt. Julian Tudor Hart. Alizaliwa London tarehe 9 Machi 1927, akafariki tarehe 1 Julai 2018 akiwa na miaka 91. Wengi wanamjua kwa sentensi moja tu, ile aliyoichapisha kwenye jarida la Lancet mwezi Februari 1971 na kuiita sheria ya huduma kinyume: upatikanaji wa huduma nzuri ya tiba huelekea kwenda kinyume na mahitaji ya watu wanaohudumiwa. Penye wagonjwa wengi huduma ni haba, penye wazima huduma imejaa. Sentensi hiyo imenukuliwa mpaka imemfunika aliyeisema.

Mtu huyu hakuwa msomi wa sera wa mezani. Alikuwa daktari wa familia Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe juu ya bonde la Afan, kusini mwa Wales, chenye watu wapatao 2,000. Alisomea Cambridge na hospitali ya St George's jijini London, akafanya utafiti na watafiti wa magonjwa Richard Doll na Archie Cochrane, kisha mwaka 1961 akaenda Glyncorrwg, na hapo ndipo alipofanyia kazi ya maisha yake. Kliniki yake ilikuwa ya kwanza ya daktari wa familia Uingereza kutambuliwa kama kliniki ya utafiti, na Baraza la Utafiti wa Tiba likaitumia kwa tafiti zake nyingi.

Ningependa tumuenzi kwa kueleza kazi yenyewe ilivyofanyika. Nani alipimwa, kumbukumbu ziliwekwaje, wapi panaharibika na kwa nini. Sifa tupu tumezisoma za kutosha.

Naanza na kiini. Mwaka 1968 alianza kupima presha ya kila mtu mzima wa miaka 20 hadi 64 kwenye orodha yake. Anaumwa, haumwi, amekuja, hajaja, wote. Inaaminika ndiye daktari wa kwanza kuifanya hiyo kuwa kazi ya kawaida ya kliniki. Sababu yake ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: presha haiumi. Anayekuja kwa kuumwa kichwa atapimwa. Mchimba makaa wa miaka 42 ambaye hajakanyaga kliniki miaka minne hapimwi, na siku anayoletwa nusu ya mwili imeshapooza.

Kwa njia hiyo alipunguza vifo vya mapema kijijini kwa asilimia 28. (Maelezo niliyoongeza baadaye: hiyo ni tofauti ya vijiji viwili kwa 1981 hadi 1986, tazama #8.) Karibuni tuchambue.

---

#2 · Nesi wa Zamu

Asante mkuu kwa uzi. Naomba twende moja kwa moja kwenye utendaji. Kliniki ndogo, daktari mmoja, nesi mmoja au wawili, foleni ipo mlangoni. Muda wa kumpima kila mtu unatoka wapi? Alifunga kliniki akaweka wiki ya upimaji?

---

#3 · MwanaRejista

Hakufunga. Hapo ndipo akili yake ilipo.

Mwaka 1970 aliandika Lancet kuhusu upimaji wa jamii nzima unaokwenda kidogo kidogo bila kukatika. Msingi wake ni jambo ambalo kila mtu wa mapokezi analijua: ndani ya mwaka mmoja sehemu kubwa ya walioandikishwa watakuja wenyewe kwa sababu nyingine. Mafua, mgongo, cheti cha ruhusa ya kazi, mtoto. Kwa hiyo usiwaite. Wakija, wapime.

Tufanye hesabu ya mfano. Una watu wazima 1,000 wa umri huo. Tuseme 650 wanapita mlangoni mwaka wa kwanza, na kliniki inafungua siku 250. Hao ni chini ya watu watatu wapya kwa siku. Kumpima mtu vizuri ni kama dakika saba, ukijumlisha kukaa kwake kimya. Umetumia dakika ishirini kwa siku. Wanaobaki ni 350, na mwaka wa pili nusu yao au zaidi nao watajileta.

Kinachofanya njia hii isiwe bahati nasibu ni vitu viwili. Cha kwanza ni orodha. Tangu Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza ianze mwaka 1948, karibu kila mtu ameandikishwa kwa daktari mmoja wa familia, kwa hiyo Hart alijua majina ya wote, wakiwemo asiowahi kuwaona. Cha pili ni alama juu ya faili. Aliyepimwa faili lake linaonyesha, asiyepimwa linaonyesha, na mtu wa mapokezi analiona kabla mgonjwa hajaingia. Bila alama, nesi aliyechoka atawapima watu walewale wanaokuja kila wiki, na mwisho wa mwaka utakuwa na vipimo 3,000 vya watu 400.

Waliobaki ndio wanaofuatwa: barua, kisha ujumbe kupitia ndugu, kisha nesi anabisha hodi. Hili alilirithi kwa Cochrane, ambaye kwenye tafiti zake za mapafu ya wachimba makaa katika bonde la Rhondda Fach alikuwa hatosheki mpaka afikie zaidi ya asilimia 90 ya watu. Kupima asilimia 70 haimaanishi umefanya asilimia 70 ya kazi. Wale 30 waliobaki si sampuli ya wenzao. Ndani yao wamo wavutaji, wanywaji, wanaofanya kazi za zamu, wanaoogopa majibu, wanaoishi peke yao. Mzigo wa ugonjwa uko huko.

---

#4 · Mkanda na Zebaki

Niongezee upande wa kifaa. Ukipima jamii nzima, kosa dogo la kila kipimo linageuka kosa kubwa la sera. Ukizidisha presha ya kila mtu kwa milimita 5 tu za zebaki, unawaingiza kwenye dawa za maisha watu wengi ambao hawazihitaji.

Makosa yanayorudi kila mahali ni haya.

Mkanda usio saizi. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono, na upana wake uwe kama asilimia 40 ya mzunguko wa mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa ya uongo. Kliniki yenye saizi moja tu inawapa watu wanene ugonjwa wasio nao. Nunua saizi mbili au tatu kabla ya kununua mashine ya pili.

Mkono unaoning'inia. Katikati ya mkanda iwe usawa wa moyo. Kila sentimita mkono unaposhuka chini ya moyo, kipimo kinapanda kwa takriban milimita 0.8. Mkono ulioachwa mapajani unaweza kuwa chini kwa sentimita 10 au zaidi, hesabu mwenyewe. Na uegemezwe juu ya kitu, mgonjwa asiubebe mwenyewe, maana misuli ikikaza presha inapanda.

Mazungumzo. Nesi anauliza "mama hajambo?" huku mashine inapima. Namba ya juu inapanda. Dakika tano za kukaa kimya, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili chini, miguu isipandishwe mmoja juu ya mwingine, kibofu kitupu, na nusu saa iwe imepita bila sigara wala kahawa.

Kwa anayetumia mashine ya kusikiliza: kwanza papasa mapigo ya mkono huku unajaza upepo, ona yanapotea wapi, kisha jaza milimita 30 zaidi ya hapo. Ukiruka hatua hii kuna wagonjwa ambao sauti zao hupotea katikati kisha zikarudi, na utaandika namba ya juu iliyo ndogo kuliko ilivyo kweli. Toa upepo kwa milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Sauti ya kwanza ndiyo namba ya juu, zinapokatika kabisa ndiyo namba ya chini.

Halafu lipo la sifuri. Chukua daftari lolote la presha, hesabu namba ngapi zinaishia na 0. Mashine ya zebaki ina mistari ya milimita mbili mbili, kwa hiyo moja kwa tano ndizo zingetakiwa kuishia na sifuri. Ukikuta ni zaidi ya nusu, wapimaji wanakadiria kwa jicho. Watafiti wa zama za Hart walikuwa na mashine maalumu inayoficha sifuri yake halisi mpaka kipimo kiishe, kwa ajili ya kosa hilo hilo.

Na la mwisho: kipimo kimoja hakimfanyi mtu kuwa mgonjwa. Siku tofauti, mara tatu, kisha wastani. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, baadaye tumia ule uliotoa namba kubwa.

---

#5 · Mdadisi Mtulivu

Nimesoma kwa makini. Mimi nina shaka na shauku hii ya kupima. Kumwambia mtu mzima anayefanya kazi zake kwamba ni mgonjwa ni jambo zito. Kambi za upimaji ziko nyingi: watu wanapimwa, wanaandikiwa namba kwenye kikaratasi, wanaambiwa "nenda hospitali", basi. Hart ana tofauti gani na hizo? Na mwaka 1968 tayari kulikuwa na ushahidi kwamba dawa zinasaidia?

---

#6 · MwanaRejista

Swali zuri, naanza na la ushahidi. Ulikuwepo, na ulikuwa wa moto moto. Mwaka 1967 ulitoka utafiti wa hospitali za maveterani Marekani: wanaume 143 wenye namba ya chini kati ya 115 na 129, wengine wakapewa dawa, wengine vidonge bandia. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikuwezekana kuendelea kuwanyima dawa wale wa upande wa pili. Mwaka 1970 ukafuata wa presha za wastani, faida ikaonekana zaidi kwa wenye namba ya chini kuanzia 105. Kwa hiyo Hart hakuwa anabahatisha. Viwango vyake vya kuanza dawa vilikuwa juu kuliko 140/90 ya siku hizi, na kwa dawa za wakati ule, zenye madhara mengi, ilikuwa busara.

Kuhusu kambi, umegusa penyewe. Tofauti ni nani anabaki na jina. Kambi ikifungwa, namba inaondoka na mgonjwa. Kwa Hart aliyepima ndiye anayetibu, na ndiye atakayesaini cheti cha kifo. Asiporudi mwezi ujao, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuliona hilo.

---

#7 · Bibi Nusu

Hapo ndipo inapoingia kanuni ya nusu, ambayo Hart aliifanyia kazi sana na kuisambaza Uingereza. Nusu ya wenye presha ya juu hawajulikani. Nusu ya wanaojulikana hawatibiwi. Nusu ya wanaotibiwa haijadhibitiwa.

Iweke kwa watu. Katika watu wazima 1,000 tuseme 200 wana presha ya juu. 100 wanajulikana, 50 wanatumia dawa, 25 presha imeshuka inavyotakiwa. Mmoja katika wanane. Sasa angalia mahali pa kutia nguvu: ukileta dawa mpya nzuri mara mbili ukawadhibiti wote 50 walio kwenye dawa, umeongeza watu 25. Ukiwatafuta wale 100 wasiojulikana na kuwashikilia kwa ubora ule ule wa nusu na nusu, nao wanakupa 25. Ukifanya yote mawili bila kuziba tundu la katikati, la wanaojulikana lakini hawatibiwi, bado nusu ya wagonjwa wako nje.

Tundu la katikati ndilo linalosahaulika. Wanaanguka vipi hapo? Dawa imeisha, mgonjwa akaambiwa arudi wiki ijayo, hakurudi. Alijisikia vizuri akaacha. Dawa ilimletea kizunguzungu au upungufu wa nguvu za kiume, akaona aibu kusema. Alihama. Faili lilipotea. Hakuna hata sababu moja hapo inayotatuliwa na daktari bingwa. Zinatatuliwa na sanduku la kadi lililopangwa kwa miezi: kadi ya mgonjwa inakaa kwenye mwezi anaotakiwa kurudi, akija inahamia mwezi unaofuata. Mwisho wa Machi, kadi zilizobaki kwenye droo ya Machi ni watu wa kufuatwa Aprili. Kompyuta inafanya kitu hicho hicho, ila watu wakishanunua kompyuta wanasahau kufungua droo.

---

#8 · Mizani

Naomba turudi kwenye ile asilimia 28 ya #1, kwa sababu imeandikwa vibaya, na Hart mwenyewe asingeikubali.

Utafiti ulitoka British Medical Journal mwaka 1991, ukieleza miaka 25 ya kutafuta wagonjwa na kujikagua. Waandishi ni timu nzima, akiwemo mkewe Mary Hart, mtafiti aliyefanya kazi naye miaka yote, na Brian Gibbons, daktari ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa afya wa Wales. Walilinganisha Glyncorrwg na kijiji jirani chenye hali sawa ya maisha ambacho hakikuwa na mpango kama ule. Kwa miaka 1981 hadi 1986, baada ya kusawazisha umri, vifo vya mapema Glyncorrwg vilikuwa chini kwa takriban asilimia 28.

Hiyo ni tofauti kati ya vijiji viwili kwa kipindi kimoja. Si punguzo la kabla na baada, na kijiji cha kupata mpango hakikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Vijiji ni vidogo, vifo ni vichache, bahati ina nafasi yake.

Ninachokiamini zaidi ni namba za wagonjwa wenyewe, maana hizo unaweza kuzifuata mtu kwa mtu. Kwa kundi la wenye presha ya juu, wastani kabla ya tiba ulikuwa 186/110. Wakati wa ukaguzi ulikuwa 146/84. Wavutaji sigara katika kundi hilo walishuka kutoka asilimia 56 hadi 20. Angalia hiyo ya pili. Hakuna kidonge kilichofanya hivyo. Ni watu walewale kuonana na wahudumu walewale mwaka hadi mwaka, kila mara wakiulizwa.

---

#9 · MwanaRejista

Mizani, nimekubali. Nitarekebisha.

---

#10 · Nesi wa Zamu

Mizani ametaja kujikagua. Kuna ule ukaguzi wa vifo wa mwaka 1987, wenye kichwa kinachomtaka daktari awe mchunguzi wa vifo vya wagonjwa wake mwenyewe. Kuna anayeujua ulivyofanyika?

---

#11 · Mizani

Naujua. Kwangu hicho ndicho kilele cha maisha yake, kuliko hata sheria ya 1971.

Alikagua na mwandishi mwenzake, Humphreys, vifo 500 vilivyofuatana kwenye kliniki yake, bila kuchagua. Neno "vilivyofuatana" ndilo zito. Daktari akiambiwa alete vifo vya kujadili, ataleta vile vya ajabu au vile visivyomgusa. Ukichukua vyote kwa mfuatano, huwezi kukiruka kile kinachokuuma.

Kwa kila kifo unaweka mezani cheti, faili, barua za hospitali, na taarifa ya uchunguzi wa maiti kama ipo. Swali ni moja: kuna jambo ambalo lingekuwa tofauti, kifo hiki kisingetokea wakati huu? Kama lipo, lilikuwa mikononi mwa nani? Mgonjwa, daktari wa familia, hospitali, au kwingine.

Asilimia 45 ya vifo vilikuwa na jambo la namna hiyo. Katika mambo hayo, asilimia 59 yaliwekwa upande wa mgonjwa, sigara na pombe zikiongoza. Hospitali ilibeba asilimia 4. Daktari wa familia, yaani yeye na wenzake wa kliniki, walibeba asilimia 20. Moja katika tano ya lawama, kaiandika kwa mkono wake na kuichapisha ikiwa na jina lake juu.

Anayetaka kufanya hivi ajue mitego miwili. Kwanza, ukaguzi ukitumika kuadhibu, baada ya miezi mitatu mafaili yataanza kuandikwa kwa ajili ya ukaguzi na si kwa ajili ya mgonjwa. Pili, safu ya "mgonjwa" ni rahisi kujazwa kupita kiasi. Alivuta sigara, basi, kosa lake. Kabla ya kuandika hivyo angalia faili: aliulizwa kuhusu sigara mara ngapi ndani ya miaka kumi? Kama hakuna mahali palipoandikwa, hilo si la mgonjwa peke yake.

---

#12 · Mdadisi Mtulivu

Hii ya vifo 500 imenigeuza kidogo. Ila kwenye sheria ya huduma kinyume bado nina neno. Kuiita "sheria" ni kutia chumvi. Si kama sheria ya mvutano. Kuna mahali huduma zimepelekwa kwa wahitaji na zikafika.

---

#13 · Bibi Nusu

Mkuu, hujaisoma sentensi ya pili. Wengi hawaisomi, wanakata nukuu kwenye nukta ya kwanza.

Baada ya kusema huduma huelekea kwenda kinyume na mahitaji, aliendelea: sheria hii hufanya kazi kwa ukamilifu zaidi pale tiba inapoachwa wazi kwa nguvu za soko, na kwa udogo zaidi pale inapokingwa nazo. Kwa hiyo yeye mwenyewe alisema inaweza kulegezwa, na akasema kwa njia ipi. Anayenukuu nusu ya kwanza pekee anaifanya ionekane kama hali ya hewa, kitu cha kusikitikia tu.

Hakuificha siasa yake pia. Aligombea ubunge kwa tiketi ya Chama cha Kikomunisti, hakushinda. Mtu anaweza kukataa siasa hiyo na bado akaikuta hoja imesimama, kwa sababu utaratibu wake unaonekana kwa macho. Makala ile inasema kwenye maeneo yenye magonjwa na vifo vingi madaktari wa familia wana kazi nyingi zaidi, orodha ndefu zaidi na msaada mdogo wa hospitali kuliko kwenye maeneo yenye afya. Daktari mwenye orodha ya watu 3,000 wanaoumwa ana dakika chache kwa kila mmoja kuliko mwenye watu 2,000 wazima. Anatibu kilicholetwa, hana muda wa kuuliza kisicholetwa. Presha haiulizwi. Inakuja kiharusi. Kiharusi kinaongeza kazi. Muda unapungua tena. Gurudumu linajizungusha lenyewe, wala halihitaji mtu mbaya wa kulisukuma.

Na pelekeni huduma sawa kwa watu wasio sawa muone. Mpango mpya ukitangazwa kwa wote, wa kwanza kufika ni wenye nafasi, usafiri na ujasiri wa kuuliza, yaani wenye uhitaji mdogo. Takwimu za mwaka wa kwanza zitapendeza sana. Ndiyo maana alisisitiza asili ya sehemu, ile namba ya chini ya mstari. Kliniki nyingi zinahesabu kiasi tu: tumepima 900. Kati ya wangapi? Na wale wengine ni akina nani?

---

#14 · Mkanda na Zebaki

Jambo moja halijatajwa, nalo ni la chumvi. Mwaka 1983 timu ya Glyncorrwg, Graham Watt akiongoza, ilichapisha jaribio la kupunguza chumvi kwa wenye presha ya juu kidogo. Washiriki walikula chakula cha chumvi kidogo, kwa kipindi fulani wakipewa vidonge vyenye chumvi na kipindi kingine vidonge bandia, bila wao wala wapimaji kujua ni vipi. Tumaini lilikuwa kwamba kupunguza chumvi kungekuwa njia ya kuepuka dawa. Matokeo: chumvi mwilini ilipungua kweli, presha haikushuka kiasi cha maana kwa kundi lile. Wakachapisha hivyo hivyo. Tafiti kubwa zaidi za baadaye zilionyesha chumvi ina mchango wake, lakini kwa wakati ule jibu lao lilikuwa hilo na hawakulipamba.

Kinachonigusa ni chombo cha kazi. Ili kujua kama mtu kweli amepunguza chumvi unahitaji mkojo wote wa saa 24, si kikombe kimoja. Asubuhi unamwaga wa kwanza, unaandika saa, kisha kila tone linaingia kwenye chupa mpaka asubuhi inayofuata saa ileile, pamoja na ule wa kuamkia. Mtu anabeba chupa kubwa kazini. Wengi huruka mara moja wakanyamaza, na kipimo kinaharibika bila mtu kujua. Wanakijiji walileta chupa hizo kwa kurudia, na tafiti za aina hiyo hazifanyiki mahali ambapo watu hawaoni kwamba utafiti ni wao pia. Hart aliwaita wagonjwa wazalishaji wenza wa afya. Chupa zile ndizo maana yake.

---

#15 · MwanaRejista

Na huyo Watt hakuishia hapo. Alikwenda kuwa profesa Glasgow, na mwaka 2009 likaanza kundi la madaktari wa familia wa zile kliniki 100 zinazohudumia watu maskini zaidi Scotland. Ni sheria ya huduma kinyume iliyogeuzwa kuwa orodha ya mialiko: panga kliniki zote kwa umaskini wa wagonjwa wake, kata kwenye ya 100, waite hao wakae chumba kimoja waseme wanachokosa. La kwanza walilosema ni muda. Mgonjwa mwenye magonjwa matano na matatizo ya nyumba hatoshi kwenye dakika kumi.

Tuzo alizipata mwishoni. Mwaka 2006 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Familia kilimpa Tuzo ya Ugunduzi, akiwa wa kwanza kabisa kuipokea.

Mizani, ile sentensi ya #1 sijaifuta. Nimeweka maelezo chini yake kwamba ni tofauti ya vijiji viwili kwa 1981 hadi 1986, ili anayesoma aone yote mawili.

---

#16 · Nesi wa Zamu

Swali la mwisho kwangu. Umeandika barua mbili, umemfikia nyumbani, amekuambia hataki kupimwa. Kwenye kadi unaandika nini? Maana kwenye rejista nyingi kuna "amepimwa" na "hajapimwa" tu.

---

#17 · MwanaRejista

Unaandika "amekataa", tarehe, na nani alizungumza naye. Kisha unaandika lini aulizwe tena, mwaka mmoja unatosha, na humfuati kabla ya hapo, maana ni haki yake. Akija kwa jambo jingine, mtibie jambo hilo vizuri kwanza. Wengi waliokataa mlangoni hukubali wakiwa wameshakaa kitini kwa sababu yao wenyewe. Kwenye hesabu ya mwisho wa mwaka anabaki kwenye namba ya chini ya mstari, haondolewi ili asilimia ipendeze. Na kadi yake haiingii kwenye droo ya waliokamilika.